Watachoka Kafungwa Kama Mzinga

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini mdomo umeshazoea. Nimechoka, Baba, nimechoka mpaka kwenye mifupa. Nimekaa barazani kwangu hapa Ntalikwa, Tabora, viatu bado viko miguuni, na mbwa wako amelala mlangoni pa chumba cha Mama.

Ndiyo, tumemhamisha Mama. Tangu tukuzike miguu yake imezidi kuvimba, na mimi kazi yangu ikawa kwenu Ipole, Tabora, Ipole, Tabora, mpaka nasinzia kanisani. Alikubali kuja kwangu kwa sharti moja: Watachoka naye aje. Ulimpa mbwa jina hilo kuwajibu majirani waliokucheka na nyuki wako. Haya, majirani hawakuchoka. Tuliochoka ni sisi.

Safari ya kwanza ilitushinda. Wewe mzee ulimdekeza yule mbwa! Miaka yote anakaa mbele kwenye pikapu yako, kichwa dirishani, na nikikuambia umfunge unanijibu, "Mbwa si mfungwa, mwanangu." Basi nikampakia kiti cha nyuma kwenye gari langu dogo, vilevile alivyozoea, huru. Hata Sikonge hatujafika, mbuzi wakakatiza. Nikakanyaga breki. Watachoka akarushwa katikati ya viti, akamgonga Mama kichwani, akaangukia miguuni kwangu, kwenye pedali. Gari likaacha barabara, likaingia majanini. Ilibaki kidogo tu tukufuate sote watatu.

Mama alivimba paji la uso, mbwa akawa anachechemea. Mama hakulia. Alisema tu, "Nirudishe nikafie kwangu."

Nikageuza gari, tukarudi Ipole. Marehemu hasemwi vibaya, lakini wewe nilikusema, tena kwa sauti, humo humo stoo kwako. Jirani alikuwa ameshaleta kamba ya katani, anataka amfunge mbwa shingoni kama mbuzi wa mnadani. Ndipo nikauona ukutani mkanda wako wa kupandishia mizinga mitini, ule mpana wa ngozi, na kamba zake mbili. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinifokea nikiwa chini ya mti: "Usiufunge mzinga juu, utacheza! Mkanda upite tumboni, kamba zivute huku na huku!" Jamani, Baba. Mizinga uliifunga kwa adabu zote, mbwa ukamwacha aruke atakavyo!

Nikampitishia mkanda kifuani, ukazunguka nyuma ya miguu ya mbele, shingo ikabaki huru. Kamba nikazifupisha, nikazifunga kulia na kushoto kwenye vyuma vya mikanda ya kiti. Kukaa anaweza, kulala anaweza, kuruka hawezi. Nilidhani atanigomea. Wapi! Aliunusa ule mkanda, harufu ya moshi na nta bado imo, akaunusa tena na tena, kisha akaulazia kidevu. Mama, aliyekubali kupanda tena baada ya kumbembeleza sana, aligeuka akamwangalia sana. Halafu akavuta mkanda wake mwenyewe, akajifunga, yeye ambaye hajawahi kujifunga maisha yake yote.

Tulipofika njia ya makaburini Watachoka alisimama. Alilia, Baba. Alivuta kwa nguvu zake zote kuja kwako, na kamba zako hazikulegea. Nikataka kumkemea. Mama akasema, "Mwache, ana haki yake." Nikasimamisha gari pembeni, tukalia wote mpaka tukamaliza, ndipo tukaondoka.

Leo Mama amekula ugali wote. Nimekuambia ujue.

Lala, mzee wangu. Mkanda wako haurudi stoo, utakaa garini. Nakuahidi, hakuna safari hata moja ambayo yule mbwa atapanda bila kufungwa, hata kama ni ya kwenda dukani tu, na wewe huko nuna utakavyo. Tukija kupalilia kaburi lako tutakuja tumefungwa wote. Tutakusalimia, tutakaa nawe kidogo, halafu usituzuie, Baba: tutarudi nyumbani, sote watatu.

Mwanao,
Kabula