Vipele vya Mama Mkwe

Salome, nimefukuzwa kwa mama mkwe. Sasa hivi! Niko kituo cha bodaboda hapa Kenyamonta.

Ni vile vipele vyake vya usoni. Wifi yangu Robi kaita kikao cha ukoo, eti nimempaka mama yao mafuta ya kuchubua. MIMI. Nesi mzima!

Hawajui mama ana saratani ya utumbo na imeshafika kwenye ini. Mama aliniapisha nisimwambie hata mume wangu, nikakuambia wewe tu. Kila Alhamisi tukienda Mwanza awekewe dripu, huku wanajua tunafuata miwani. Na vipele ni vya hiyo dawa, ile inayolenga saratani yenyewe! Daktari alipoviona alifurahi, akasema mara nyingi ni dalili kwamba inafanya kazi. Mama alinikumbatia pale pale.

Leo baba mdogo Kisyeri kamuuliza mbele ya watu wote, "Shemeji, nini kimekuharibu uso hivi?"

Nikamwangalia mama. Neno lake moja tu lingeniokoa, Salome.

Akasema, "Mafuta yake."

Mafuta yake!! Nikisema ukweli navunja kiapo, nikinyamaza mimi ndiye mchawi. Nikanyamaza. Wamenikataza kukanyaga pale, wala kumgusa.

Natoka, mama huyo nyuma yangu mpaka kwenye zizi, anapiga kelele wote wasikie, "Nenda na mafuta yako!"

Halafu akanisogelea, akaninong'oneza:

"Alhamisi tunaondoka saa ngapi?"