Uzi Chini ya Ulimi wa Jeki

Mama Neema wangu,

Jeki amekufa. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu anayezungukazunguka na habari mbaya mdomoni. Amekufa Jumanne, na aliyemwua ni mimi. Hapa Kasingirima sina wa kumweleza akanielewa kama wewe.

Unakumbuka siku ulipomleta? Ulikwenda Kibirizi kununua migebuka, ukarudi na kapu lenye samaki watatu na kitoto cha mbwa kinachonuka shombo. Nikakuuliza, "Huyu naye wamekupimia kwa kilo?" Ukacheka mpaka ukakaa chini. Neema alikuwa ameshahamia Dodoma kikazi, nyumba imepoa, nami sikuwa na moyo wa kukukatalia.

Ndipo ikaanza ile kazi yako ya kila Jumamosi. Ulizunguka uwani umeinama, ukiokota vitu vyake vya kuchezea kutoka kwenye tope na chini ya michikichi, ukavisugua kwa sabuni ya mche na maji ya moto. Dawa ya madoa hukuitaka kabisa, ulisema ataviramba. Ulivisuuza mara mbili, ukavianika juu ya mawe mpaka vikauke hadi ndani. Halafu ulivipitishia kidole gumba, kimoja kimoja, kama mama anayemtafuta mwanawe chawa. Mpira uliopasuka haukurudi. Kamba iliyoanza kuachia nyuzi uliitumbukiza chooni, ili hata mbwa wa mtu mwingine asije akaiokota.

Mimi nilikudhihaki. "Mbwa anaramba tope siku nzima, wewe unamchemshia maji?"

"Tope analifuata mwenyewe, Baba Neema. Mpira nimempa mimi."

Mimi fundi wa katambuga, maisha yangu yote nakata matairi kuwa viatu, nikamkatia Jeki pete ya tairi nikijiona nimefanya la maana. Ukaipapasa, ukatoa kidole kina damu. Ndani ya mpira kulikuwa na waya mwembamba kama unywele, umechomoza. Hukunigombeza. Ulinionyesha kidole tu, ukachukua jembe ukaenda kuifukia.

Na ile ndoo yenye mfuniko. Kila jioni vitu vyote vya Jeki viliingia humo, kwa sababu ya jirani yetu, Mzee Ramadhani, ambaye tangu mwanzo hakumtaka mbwa karibu na ua wake. Ulisema, "Wajukuu zake wanapita hapa. Wakishika mate ya mbwa, tunamwongezea mzee kazi ya kuwatwaharisha." Hakukuambia asante, lakini nilimwona akiitazama ile ndoo.

Kamba ya mwisho uliisuka kwa kitenge chako cha bluu chenye ndege weupe, ulichovaa Neema alipopata kipaimara. Kilikuwa kimechanika mgongoni. Miguu yako ilikuwa imeshaanza kuvimba, ukakaa mlangoni, ukakichana vipande, ukasuka taratibu, Jeki amelala juu ya nyayo zako. Ulipomaliza ukaniambia, "Hii ni kitambaa tu, haitadumu. Ikianza kuchoka, itoe." Nilikusikia, mke wangu. Siwezi kusema sikukusikia.

Ulipoondoka, ndugu zako walikuja kugawana nguo zako. Ni desturi, nami sikuzuia. Dada yako wa Kagunga alichukua mashuka na vitenge, mdogo wako akachukua magauni. Walipomaliza sanduku lilikuwa tupu, hata kanga ya kujifutia machozi haikubaki. Nguo yako pekee iliyobaki katika nyumba hii ilikuwa mdomoni mwa Jeki.

Sikuifungua tena ile ndoo jioni kurudisha vitu vya Jeki. Ilikuwa yako, sikuiweza. Mvua zilinyesha, vitu vikalala nje, konokono wakapita juu yake, mpira ukaota ukungu. Ile kamba ikawa nyeusi, ikaanza kuachia nyuzi. Siku moja niliiokota nikasema leo naitupa. Ilinuka tope na mate. Lakini nilipoifumua kidogo, ndani palipokuwa pamekunjwa, ndege mmoja alikuwa bado mweupe kabisa. Nikaiweka chini. Jeki akaja akaichukua, akaenda kujilaza mlangoni, akawa anaitafuna, nami nikamtazama.

Alipokataa chakula nilidhani ni minyoo. Nikampa dawa ya dukani, akaitapika. Siku ya tatu tumbo likawa gumu, mgongo umepinda, nikampigia daktari wa mifugo, akaja na pikipiki. Kijana mpole. Alimfungua Jeki mdomo, akainua ulimi, akaniita.

"Mzee, njoo uone."

Chini ya ulimi ulikuwa umejizungusha uzi, umezama ndani ya nyama, na mwisho wake unaingia kooni. Ulikuwa wa bluu.

"Sehemu nyingine ameshaimeza," akasema. "Huku juu imekwama, kule chini utumbo unaivuta. Sasa utumbo wote umejikunja kama kiuno cha suruali ya kamba. Ungeniita siku ya kwanza, tungejaribu kumpasua. Alikuwa anachezea nini?"

Nikamwambia sijui. Mtu mzima na mvi zangu, nikamdanganya kijana wa watu mbele ya mbwa anayekufa.

Alikata roho kabla ya saa sita mchana, kichwa chake mapajani mwangu. Bado nilikuwa nimekaa hivyo nilipoona kivuli. Mzee Ramadhani alikuwa amesimama na jembe begani. Hakuja karibu sana.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Usinyanyuke, Baba Neema. Nitachimba mimi. Mbwa wako alikuwa akibweka kwa ajili ya nyumba mbili."

Akachimba kule nyuma, polepole, akipumzika kila baada ya majembe machache. Nami nikalia. Siku tuliyokuzika sikulia, unajua? Kaka zako walinishika mabega wakiniambia kwa Kirundi chenu, "Ihangane, shemeji," vumilia, nikavumilia. Nikapokea wageni, nikahakikisha maturubai yamerudishwa, nikawashukuru watu mmoja mmoja. Wakasema huyu ni mwanamume. Jumanne nililia kwa sauti, kamasi zikitoka, mpaka watu wa nyumba ya tatu wakaja kuchungulia uani. Nikasikia mwanamke mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Masikini, alimpenda kweli yule mbwa."

Sikumsahihisha. Mzee Ramadhani ndiye aliyegeuka, akaegemea jembe, akamwambia, "Mama, nenda nyumbani. Huyu anamlilia mkewe."

Pumzika, Mama Neema.

Mumeo,
Baba Neema