Kireno cha mama

Mwaisha, uko hewani? Naogopa. Mama ameongea Kireno.

Mama yetu huyu huyu! Wa Kimakua na Kiswahili cha kuungaunga.

Yumo ndani, eda ameianza jana tu baada ya maziko ya baba. Mgeni mmoja wa Palma, kule Msumbiji, alikuwa barazani anaongea na simu kwa Kireno. Mara sauti ya mama ikamjibu kutoka nyuma ya pazia. Mgeni akashtuka: "Dada, nilikuwa nasema sijui marehemu kafa kwa nini, mama anasema kwa presha. Kireno safi, kama cha mapadri!"

Kireno, Mwaisha. Maisha yetu yote hatujawahi kumsikia hata neno.

Nikakimbilia ndani. Amejikunyata pembeni ya kitanda. Akaniziba mdomo. "Nyamaza. Mgambo wamesikia?"

Nikamuuliza, mgambo gani, mama?

Akanong'ona. Kule ng'ambo ya Ruvuma alilelewa jikoni kwa Mreno. Vita vikamleta huku, baba akamwoa, wakahamishiwa kijiji cha ujamaa. Jirani yao, mkimbizi kama yeye, akasikika akiongea Kireno. Watu wakasema ni jasusi wa Wareno. Mgambo wakamchukua, hakurudi. Baba akamwambia mama: "Kuanzia leo hukijui."

Na kweli, hakukijua. Mpaka leo.

Nimemwambia vita viliisha zamani, mgambo hawapo. Haelewi. Kanishika mkono mpaka unauma, anarudia lile lile:

"Baba yako amesikia?"

Nimemwambia hajasikia.