Baridi Inatoka Chini

Lundi, 6 Novemba
Sijaambia mutu hii: nilifurahi vita ilipomleta Koko kwetu Mabanga, hapa Goma. Ni dhambi, najua. Koko ni mama ya Papa, ameacha shamba na ng'ombe kule Masisi, na mimi nafurahi kwa sababu tunalala chumba kimoja na haniulizi kwa nini siongei.
Nimechota maji, nimewasha babula, jiko letu la makala, inje, nimeenda masomo. Nimerudi, Koko bado chini ya blanketi.

Mardi, 7 Novemba
Mvua. Koko anatetemeka. Anataka kwenda Mugunga, kambini kwa wakimbizi, kwa shangazi. Kule masasi ya bunduki yanasikika karibu.
Papa: "Mama, kule ni bashi tu, hema la plastiki."
Koko: "Bashi inashika joto. Mbao zako zinashika nini? Hii si nyumba, ni kitunga, upepo unapita tu."
Baridi isipoisha, Papa atampeleka samedi hii, tarehe 11. Nachukia Mugunga.

Mercredi, 8 Novemba
Nimeziba. Kila mwanya kati ya mbao: makartoni, mifuko ya sukari, karatasi za devoir za masomo ya mwaka jana. Halafu Koko akasema niingize babula na makala yake. Kwao moto unakaa katikati ya nyumba, watu wanalala kuuzunguka. Nikaona ni akili.
Joto kabisa. Koko amecheka: "Sasa ni nyumba!"

Jeudi, 9 Novemba
Kichwa kinauma hata kuandika.
Niliamka nikitapika. Koko hakuamka. Mama akamvuta mpaka inje, mvuani, akimwita kwa jina la ubatizo. Mara ya kwanza kulisikia. Mwisho Koko akafungua macho: "Mbona munanilowesha?"
Muuguzi amesema ni hewa mbaya ya makala. Ilikosa pa kutokea.
Papa hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Samedi inabaki samedi: Koko ataenda.

Vendredi, 10 Novemba
Sikusikia kitu darasani. Nilikuwa nawaza nyumba.
Ya Koko: udongo munene, unashika joto, majani ya juu yanapitisha moshi. Bashi ya shangazi: ndogo, watu wamebanana, joto ni lao wenyewe. Yetu: mbao, mabati, na chini jiwe la volkano. Nimeiga moto wa Masisi ndani ya nyumba ya Goma. Mujinga.
Nimerudi, nimelala mahali pa Koko kusudi nijue. Upepo si kitu. Baridi inatoka chini, inapanda mugongoni. Godoro lake liko juu ya jiwe!
Nimetoa yote niliyoziba ukutani, hewa ipite. Nimemuomba Papa mbao za kitanda. Mimi, kuomba. Sauti ilitoka ndogo, akaniambia niseme tena. Nikasema. Amepigilia kitanda kifupi. Makartoni nimeyapanga chini ya godoro. Mawe nimeyapasha kwenye babula, inje, nikayafunga katika kitenge cha zamani, nikayaweka miguuni pake. Moto ndani, hapana.
Kama ataenda, aende. Nimelia kidogo.

Samedi, 11 Novemba
Koko amelala mpaka jua. Papa amekuja na mufuko wa Koko, pikipiki inangoja.
"Nani anasafiri?" Koko akauliza.
"Mama, ulisema mwenyewe."
"Nilisema nikiwa na baridi. Mutu wa baridi munamusikiliza?"
Mwenye pikipiki ameondoka akinung'unika. Mama amecheka mpaka kukaa chini. Papa hapana.
Sasa mvua tena. Koko anakoroma, mguu mumoja inje ya blanketi.
Hatua za Papa. Ziko mlangoni. Naficha daftari.