Ijumaa ya Tatu Bila Sahani

Ijumaa. Jua la leo hapa Tudor limechoma tangu asubuhi, upepo hakuna, na mfereji umekauka tena. Mchana nimekula mkate kwa chai ya rangi. Siku ya Ijumaa, jamani!

Jirani yangu wa chini, Bi Zuhura, mzaliwa wa Mji wa Kale, alikuwa akiniletea sahani ya pilau kila Ijumaa, kachumbari pembeni. Mimi ni Mkamba, Mkristo, kazi ndiyo iliyonileta Mombasa, na mama yangu alishatangulia mbele ya haki. Bi Zuhura huniita mwanangu. Sahani yake sikuirudisha tupu hata siku moja: leo maembe, wiki ijayo mandazi. Kupika mandazi alinifundisha mwenyewe.

Nyuma ya fleti zetu kuna mtambo mdogo unaosafisha maji ya vyoo na bafu. Yakitoka pale yanang'aa, na Bi Zuhura akayatumia kuotesha bustani: mabilingani, mchicha, nyanya, dania. Kazi yangu ni kupima maji maabara, basi nikachota chupa moja nikaenda nayo. Vijidudu vya choo bado vimo. Mboga za kupikwa, zikimwagiwa shinani tu, hazina neno kubwa. Lakini nyanya na dania za kuliwa mbichi, la.

Nililosema lilikuwa kweli. Nilivyolisema ndiyo aibu yangu.

Jibu nililipata Ijumaa, na nilipofika nyumbani sahani ilikuwa inaningoja. Nikashuka nayo mbio, nikagonga. Wifi zake wawili walikuwa wameketi mkekani, mikono imo siniani. Nikaropoka pale pale mlangoni, "Bi Zuhura, msile kachumbari, imemwagiwa maji ya choo!" Mikono yote ikasimama. Yeye akaipokea sahani yangu iliyojaa, akasema ahsante, akafunga mlango taratibu.

Loo, ulimi huu! Si ningemwita kando? Maji yakimwagika hayazoleki.

Tangu hapo tukikutana ngazini tunaamkuana vizuri, kwa heshima zote, kisha kila mtu na lake. "Mwanangu" haimo tena. Nina hamu na neno hilo kuliko pilau.

Jioni hii nimechungulia dirishani nikaona mabilingani yamelegea kwa kiu. Roho ikaniuma. Nimechukua ndoo, nikateka maji ya mtambo, nikawa nayarusha harakaharaka nisionekane. Sauti ikatoka dirisha la chini:

"Shinani, mwanangu! Usirushe majanini. Si wewe uloniambia?"

Nimesimama na ndoo yangu, machozi yananitoka kama mtoto. Ndipo nikaona kwamba nyanya zote zimeng'olewa, na dania pia. Amebakisha vya kupikwa tu. Kumbe alinisikia kila neno, hata lile la shinani nililomweleza kwa kunong'ona ngazini siku mbili baadaye, naye akaitika tu na kupita.

Nilipogeuka, dirisha lilikuwa limeshafungwa.

Ijumaa ijayo nitashuka mimi kwanza, na sahani yangu. Wifi zake wakiwepo, ndiyo heri, maana nilimwaibisha mbele yao na radhi nitaiomba mbele yao. Nataka nipeleke bilingani la nazi, kutoka bustani yake mwenyewe.

Ila sijui kulipika. Nani atanifundisha, kama si yeye?