Barafu Isiyo na Mwenyewe

Mkolani, Mwanza

Baba, shikamoo.

Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kwa sauti nzito kama yako, hadi mama aliyekuwa anachagua mchele uani akageuka kuangalia. Nikamwambia nakuandikia barua. Akasema nikusalimie, kisha akaendelea na mchele wake.

Baba, nimeiona! Sijui nianzie wapi, mkono unakimbia kuliko kalamu. Nimeiona barafu isiyo na mwenyewe. Ile uliyokuwa ukiibishia kila ilipotajwa redioni, ukisema duniani hakuna barafu ambayo hakuna mtu aliyeigandisha, akailipia umeme, akaikata na kuipakia. Ipo. Imejilalia tu. Chukua mawe yote ya Mwanza uyapange pamoja, bado inayazidi, na hakuna anayeiuza wala kuilinda.

Ngoja nitulie, nikueleze vizuri.

Tangu ulipotuacha, mama ndiye anayepokea barafu. Gari la kiwandani likifika alfajiri anakuwa ameshasimama pale barabarani na khanga kiunoni, anahesabu mabonge kwa macho, anamwaga pumba, anayafunika kwa magunia. Wenye mitumbwi waliodhani kwa mjane wamepata mteremko wamekoma. Hana banda bado tangu maji yalipolichukua letu, anauzia chini ya turubai, na baba mdogo Masanja anamsaidia kupakua akipata nafasi. Mimi niko chuo, na huko chuoni ndiko lilikotokea tangazo.

Lilisema wanatafutwa vijana kutoka nchi mbalimbali, waende kwa meli hadi Aktiki, juu kabisa ya dunia, wakajifunze mabadiliko ya tabianchi. Kila mwombaji aeleze kwa nini barafu inamhusu. Wenzangu waliandika mambo mazito ya vitabuni. Mimi niliandika kwamba barafu ndiyo iliyonilipia ada. Nikaeleza ulivyokuwa ukiyabeba mabonge begani, ukiyafunika kwa pumba za mpunga kutoka Misungwi, ukiyashusha mwaloni, pale ufukweni inapoegeshwa mitumbwi, kwa wanaokwenda visiwani kukusanya sangara. Wakaniita! Nilipiga kelele hadi majirani wakadhani kuna msiba mwingine. Mama alisikiliza habari yote, akaniuliza, "Unapanda ndege kwenda kuangalia barafu? Si hii hapa?" Halafu akanifungia dagaa kwenye mfuko mara tatu, ili nisife njaa kwa wenyewe.

Koti nililopewa kule, Baba, ungecheka hadi ulie. Nikilivaa siwezi kujikuna. Na jua la kule halizami kabisa majira haya, linazunguka tu kama ng'ombe aliyefungwa kamba, basi nililala nimejifunika kitenge usoni. Chumbani nilikaa na Ane, binti wa Grinilandi, mcheshi kweli. Nilipofungua mfuko wa dagaa nilijua harufu itatugombanisha. Ane akanusa, akaonja, akavuta kiti akaketi. Siku ya tatu nilikuwa namficha mfuko.

Aliniambia kwao babu yake alikuwa akivuka mkono wa bahari kwa sleji, kigari kisicho na magurudumu kinachokokotwa na mbwa, kila msimu wa baridi, barafu imeganda ngumu kama barabara. Siku hizi mahali palepale anaona maji. Mbwa wamebaki wamefungwa nyumbani. Nilimfikiria babu wa watu anayeangalia njia yake ikielea, nikakukumbuka wewe ulivyokuwa ukisimama mwaloni kutazama mahali banda lilipokuwa.

Sasa kituko. Siku ya kwanza tulipoikuta barafu ikielea, mabaharia walivua kipande kwa wavu wakakilaza juu ya meli, juani, ili tukiguse. Kimelala wazi! Hakuna gunia, hakuna pumba, na watu wamekizunguka wanapiga picha. Mimi nikasikia sauti inatoka kinywani mwangu, ni sauti yako kabisa: "Funikeni! Funikeni hiyo!" Kwa Kiswahili, tena kwa hasira. Kabla sijajua nafanya nini nilikuwa nimevua lile koti kubwa nimeifunika barafu, nimebaki natetemeka na sweta. Wakanitazama. Baadaye Ane aliniambia walidhani nimeihurumia barafu nikifikiri inasikia baridi! Tulicheka hadi mpishi akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Lakini kuanzia siku hiyo kipande chochote kilichopandishwa melini kilifunikwa, na waliokifunika walisema "funikeni" kwa lafudhi zao. Mmarekani mmoja alikuwa anasema "funekini". Nilimwacha.

Mtaalamu aliyekuwa akitufundisha, mama mmoja mtaratibu mwenye mvi, alinipa kipande kwenye kikombe cha maji akaniambia nitegeshe sikio. Baba, ile barafu inasema! Pa, pa, pa, kama mahindi kwenye moto mdogo. Akasema ni hewa ya zamani sana iliyofungiwa humo theluji ilipokuwa ikishindiliwa miaka na miaka, sasa inatoka. Nilikaa na kile kikombe hadi kipande kikaisha. Nilitamani uwe pale ukigonge kwa kifundo cha kidole kama ulivyogonga mabonge ya kiwandani, useme lako: "Hili limelala vizuri, mayu." Hakuna mwingine anayeniita mayu tena, kama vile mimi ni mama yake. Mama ananiita Minza, na wengine wote Minza.

Nililia kidogo. Nimekwambia tu ili ujue.

Halafu tukaenda mahali barafu inaposhuka kutoka milimani hadi kwenye maji, ukuta mweupe wenye buluu ndani yake. Meli ilizimwa injini. Kimya. Mara ukuta ukapasuka kwa kishindo, kipande kama jengo zima kikaachia, kikaanguka majini, na wimbi likaja likatuinua. Vijana wote walipiga kelele, mimi nilikuwa wa kwanza. Ilikuwa ya kutisha na nzuri kwa pamoja, na nilikuwa na furaha ya kuona na aibu ya kufurahi, kwa sababu yule mama mtaalamu alituonyesha alama mlimani, mahali ule ukuta ulipofika alipokuja mara ya kwanza akiwa kijana kama sisi. Palikuwa mbali mno. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini tumepelekwa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana ndilo lililonifanya nikuandikie.

Unakumbuka ziwa lilipopanda. Mwanzo maji yaligusa kizingiti cha banda, tukatania. Kisha yakaingia, pumba zikaelea, kuta zikalegea, na asubuhi moja tukakuta bati tu. Wewe ulikuwa umesikia redioni kwamba barafu ya kaskazini inayeyuka na bahari zinapanda, ukaunganisha mwenyewe. Ukautangazia mwalo mzima: "Barafu ilinilisha, na barafu imenibomolea." Watu walicheka, na wakaamini, kwani habari za barafu angezijua nani kama si wewe? Ukaongeza kwamba bonge hata likiwa kubwa vipi lina mwisho, kwa hiyo barafu ya huko ikimalizika maji yatarudi, na utajenga palepale. Moyo wako ukasimama kabla hujajenga. Neno likabaki, likawa kama wosia.

Kule melini tuliketi kila mmoja aeleze kwao kumebadilika nini. Nikasimama kifua mbele nikamwaga maelezo yako yote, kwa Kiingereza changu cha Mkolani, nikijivuna kweli. Yule mama akaniuliza taratibu, "Mto Naili unatoka wapi?" Nikasema kwetu, Ziwa Victoria. "Unakwenda wapi?" Nikasema unashuka hadi baharini. Nikasikia neno "unashuka" likinirudi. Baba! Nilifundishwa hayo shule ya msingi! Ziwa letu liko juu, bahari iko chini huko. Maji ya bahari yatupandieje? Nilianza kucheka mwenyewe, na wote wakacheka nami.

Lakini hakuniacha niketi. Alisema joto linaloila barafu yao ndilo hilohilo linalovuruga mvua zetu. Hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi, ikiamua kuyamwaga inayamwaga yote pamoja, na msimu mwingine inanyima. Ziwa letu lilipanda kwa mvua. Kwa hiyo ulikosea njia, Baba, lakini nyumba uliifikia: anayewatesa kina Ane na sisi ni mmoja. Nilifurahi mno kusikia hivyo, nikatamani nikupigie simu.

Furaha ikaisha nilipofikiria ile sehemu yako ya pili. Kwetu hakuna bonge la kumalizika, ni mvua. Ziwa litashuka, na litapanda tena, na lini hajui mtu. Na mimi nilijua mama anasubiri maji yashuke ajenge.

Nilirudi, nikapokewa kwa vigelegele, na siku ya pili mama akanichukua mwaloni akiwa na furaha. Maji yamerudi nyuma, kama ulivyosema. Mawe ya msingi yamekwisha kushushwa, palepale. Fundi amevuta kamba. Mama Neema wa kukaanga samaki naye ameleta mawe yake, ajenge ubavuni, kwa neno lako. Mama akaniambia, "Unaona? Baba yako alijua."

Baba, unajua mwenyewe. Kwetu neno la marehemu halipingwi, tena mbele za watu, tena na mtoto, tena wa kike. Ningenyamaza ningekuwa binti mwema. Na mvua nyingine kubwa ingekuja kumkuta mama amesimama ndani ya lile banda na mtaji wake wote.

Nikasema. Nilianza vibaya, nilisema tu, "Mama, Baba alikosea." Fundi akaachia kamba. Baba mdogo Masanja akapandisha sauti: "Mtoto kaenda Ulaya mwezi mmoja, karudi anamsahihisha marehemu!" Nikaeleza Naili, nikaeleza mvua, nikaeleza babu yake Ane na mbwa wake. Nilikuwa naongea haraka, mikono inaruka huku na huku. Mama Neema alinisikiliza ameshika kiuno. Mama hakuniangalia, aliangalia maji.

Kisha akaniuliza swali moja tu. "Angekuwa hai, ungemwambia?"

Nikasema ningemwambia, na angenicheka kwanza.

"Halafu?"

Nikasema halafu angehamisha mawe.

Mama aligeuka akayatazama mawe. Nilidhani nimempoteza. Kisha akakaza khanga yake, akainama, akainua jiwe la kwanza kwenye pembe ambayo fundi alikuwa ameipima, akalibeba kifuani, akaanza kupanda nalo kuelekea barabarani bila kumwambia mtu yeyote neno. Mimi nikachukua la pili. Nyuma yangu nilisikia Mama Neema akiguna, kisha nikasikia miguu yake. Baba mdogo alisimama pale muda mrefu, na alipokuja alikuwa amebeba kubwa kuliko yetu sote, akilalamika njia nzima. Tulipanda na kushuka hadi jasho likaingia machoni, na kule juu fundi akavuta kamba upya. Mama alicheka alipoiona imenyooka. Baba, hajacheka hivyo tangu tulipokuzika.

Banda litakuwa na jina lako. Kuta zimefika kiunoni sasa, na kazi inakwenda.

Jumamosi tunakuja Misungwi kusafisha kaburi, nami nitakusimulia na yale ya dubu mweupe, maana karatasi imejaa. Pumzika, Baba yangu. Asante kwa ada, wabeja kwa kila bonge ulilolibeba. Watu wa mwaloni wananiuliza maswali ya barafu siku hizi kama walivyokuuliza wewe, na nawajibu kwa kujiamini, labda kupita kiasi. Basi nakuahidi hili: siku mtoto wangu atakaposimama mbele za watu aniambie nimekosea, nitamcheka kwanza, kisha nitainama nihamishe mawe.

Binti yako,
Minza