Siku Mama alipogusa kichwa cha tanga

Jumanne, Ruharo, Mbarara. Mvua ya asubuhi imekatika na jua limetoka bila nguvu, kama mtu aliyetoka kuugua. Moyo wangu umelegea, na ni vizuri hivyo.

Mama amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho hapa kwenye hospitali ya misheni. Jicho moja limefungwa bandeji, lingine lina ukungu wa miaka mingi. Tangu tutoke kambi ya wakimbizi ya Nakivale hajauachia mkono wangu.

Mchana alipiga simu Bahati, mdogo wangu. Alihamishiwa Ufaransa, na sasa yuko mji wa pwani, kwenye atelie, yaani karakana, inayoshona matanga ya mashua za mashindano. Neno hilo, mashua, ndilo lililomtenga na Mama. Baba alizama Ziwa Tanganyika tukiwa wadogo. Bahati akipiga, Mama humsalimu, humuuliza kama amekula, kisha hunirudishia simu.

Leo ukimya huo ulinichosha.

Bahati alikuwa anatuonyesha kitu kwenye simu. Mama akauliza ni nini. Nikamwambia ni tanga, sehemu yake ya juu.

"Ule mutoto atakufa mu maji kama baba yake," akasema.

Bahati alisikia. "Mama, mi sipandake mu mashua. Nashonaka tu, mu nyumba. Sindano na kitambaa, kama Neema."

"Bongo." Yaani uongo.

Neema ni mimi, fundi cherehani. Mkoba wangu haukosi vipande vya kitambaa. Nilitoa kimoja cha pembe nne, nikaomba vijiti kwa mama anayechoma mishikaki nje ya geti, na Bahati akaniongoza. Kumbe tanga la mashindano halichongoki juu. Huachwa pana, linase upepo kule unakovuma zaidi. Lakini pembe hiyo pana ikiachwa hivihivi huanguka kama sikio la mbuzi. Basi wanashona vifuko virefu kutoka ukingo wa nyuma kwenda mlingotini, na ndani wanatia fito nyembamba. Ufito wa juu kabisa hulazwa mshazari mpaka kwenye pembe, na huo ndio unaoibeba.

Nilishona kifuko kwa mkono, nikampa Mama kitambaa kabla sijatia kijiti. Pembe ikaanguka. Nikatia kijiti. Ikasimama. Akaufuata mshono kwa kidole, taratibu, kama anavyopapasa uso wa mjukuu.

"Na upepo mukali je?"

Nadhani hilo ndilo swali alilokuwa nalo miaka yote, na hakuwa na wa kumuuliza.

"Ufito unapindika, Mama," Bahati akajibu. "Kule juu tanga linafunguka kidogo, upepo unapita, mashua hailale. Upepo ukipunguka, linarudi fasi yake."

Mama akakipinda kijiti kwa kidole gumba, akakiachia. Akakipinda tena.

"Na kwenu, nani anashonaka hii fasi ya juu?"

"Ni mimi, Mama. Kichwa cha tanga wananiachiaka mimi."

Akaiokota simu mapajani. Nilidhani atanirudishia simu. Badala yake akaisogeza mdomoni, akainama juu yake.

"Basi shona nguvu, mutoto wangu. Mu ile mashua kuko batoto ba batu."

Tulimsikia Bahati akilia. Mama hakumnyamazisha, alimwacha alie, akawa anamwita kwa jina la utotoni ambalo sikuwa nimelisikia tangu tuvuke mpaka.

Sasa Mama amelala. Kabla ya kulala aliniuliza kama huko kwa Bahati kuna baridi, na kama mtoto ana sweta. Nikasema sijui.

Ni kweli sijui. Kesho Bahati akipiga, nitampa Mama simu, kisha nitatoka nje nikaote jua, waulizane wenyewe.